Hewa ya Mwenzake: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kompyuta ya Uzamiaji katika Ghuba ya Speke

Kisa ninachokichambua hapa hakikuua mtu wala hakikumfikisha mtu hospitali ya Bugando, na pengine ndiyo sababu ninaweza kukiandika bila haraka. Tulikuwa wawili majini, mimi na kijana ninayefanya naye kazi kwa mwaka wa pili sasa, tukikagua nanga za vizimba vya sato upande wa Kayenze, mahali ambapo kamba yetu ya kupimia, ile yenye jiwe na fundo kila mita, ilitupa kina cha mita 19. Kila mmoja wetu alibeba mtungi wa alumini wa lita 11.1 uliojazwa hadi baa 200 (baa ya kipimo cha mgandamizo, si zile za Kirumba), na kila mmoja alivaa kwenye kifundo cha mkono kompyuta ya uzamiaji iliyounganishwa bila waya na mtungi, ili mtu aone kwenye kioo kimoja kina, muda na hewa iliyobaki. Katika dakika ya 22 kompyuta ya kijana ilimwambia kwamba ana baa 124, na kwamba anaweza kuendelea na kazi kwa dakika 21 kabla ya kugusa akiba ya baa 50. Ukweli ni kwamba mtungini mwake zilikuwa zimebaki baa 64 hivi, na akiba hiyo ilikuwa umbali wa dakika mbili.

Vifaa vyenyewe

Asiyevijua vifaa hivi anahitaji kwanza kuelewa transmita. Ni kipande kigumu chenye ukubwa unaokaribia betri kubwa ya redio, kinachokazwa kwenye hatua ya kwanza ya regileta (regileta ni kifaa kinachompa mzamiaji hewa ya mtungi, na hatua ya kwanza ni sehemu yake inayofungwa kwenye valvu), katika tundu la mgandamizo mkubwa, la aina ileile ambako mpira wa geji hufungwa. Kinapima mgandamizo wa mtungi, kisha kila baada ya sekunde chache kinaurusha kwa mawimbi ya redio ya masafa ya chini. Maji huyameza mawimbi ya redio upesi sana, kwa hiyo hata haya ya masafa ya chini hayafiki mbali. Mita moja na nusu hivi, umbali unaotosha kutoka mgongoni hadi kwenye mkono wa mzamiaji mwenyewe. Kila transmita ina nambari yake, na kompyuta hufundishwa nambari hiyo mara moja, kazi ambayo menyu za kompyuta huiita kuoanisha. Baada ya hapo kompyuta husikiliza nambari hiyo tu na kuzipuuza nyingine zote. Jambo la kukumbuka, ambalo sisi hatukulikumbuka, ni kwamba transmita iliyooanishwa haimfuati mtu. Inafuata regileta.

Faida ya mpangilio huu ni ya kweli, na sitaki mtu amalize kusoma akidhani ninampeleka kwenye ukale. Geji ya mshale inakuonesha kilichobaki, basi. Hesabu ya muda unaifanya mwenyewe kichwani, na kichwa cha mtu anayesukuma mifuko ya mchanga katika giza la mita 19 si cha kugawanya namba. Kompyuta iliyoungana na mtungi inajua kina na inajua kasi ya hewa kupungua, kwa hiyo inaweza kukuambia dakika. Siku ile mgandamizo kamili pale chini ulikuwa baa 2.74, yaani 0.88 za hewa iliyo juu ya ziwa na 1.86 za maji. Kijana ndiye aliyekuwa akivuta kamba, na upumuaji wake ulikuwa wa lita 25 kwa dakika kwa kipimo cha juu ya maji. Zidisha kwa 2.74 utapata lita 68 na ushei za hewa kila dakika, ambazo kwa mtungi wa lita 11.1 ni baa 6.2. Mimi nilishika tochi na kuhesabu mafundo, lita 14 kwa dakika, baa 3.5 za mtungi. Tofauti hiyo kati ya anayefanya kazi na anayemulika ndiyo iliyobeba kisa kizima.

Kompyuta zetu mbili hazikuwa sawa. Yangu ilikuwa mpya kiasi, yenye kioo cha rangi. Ya kijana niliinunua ikiwa imeshatumika, kutoka kwa mzamiaji wa Unguja aliyekuwa akibadilisha vifaa vyake, na niliinunua kwa sababu ilikuja pamoja na transmita yake, ambayo bei yake ikiwa mpya inatosha kununua kompyuta rahisi isiyosoma mtungi. Regileta, kinyume chake, zilikuwa pacha: toleo moja, rangi moja, zilinunuliwa siku moja, kila moja ikiwa na transmita yake na pia geji yake ya mpira, na zote mbili zililazwa kwenye kreti moja ya soda.

Dakika ya 22

Tuliondoka alfajiri ili tuwahi maji kabla ya upepo. Nilitoa kwenye kreti regileta niliyodhani ni yangu, nikaifunga kwenye mtungi wangu; kijana akachukua iliyobaki. Hivyo kila mmoja akavaa kompyuta yake mkononi na transmita ya mwenzake mgongoni.

Kuanzia dakika ya nane hivi kijana alinionesha kwa ishara kwamba namba ya hewa inapotea kwenye kioo na kuacha vistari, kisha inarudi. Yangu nayo ilikuwa ikifanya hivyohivyo. Nilikuwa na maelezo matatu tayari kichwani, na yote yalikuwa na sura ya kuaminika: betri za transmita zimechoka, au maji ni machafu mno, au mabomba ya chuma ya kizimba yanaziba mawimbi. La pili halina msingi, kwa kuwa tope na mwani huzuia nuru, si redio ya aina hii. La kwanza kwa kawaida hutanguliwa na onyo kwenye kioo, na onyo halikuwapo. La tatu lingewezekana, na kwa sababu lingewezekana nikaridhika nalo, nikaendelea kumulika.

Hapa ndipo ziwa lenyewe lilipotudanganya kwa namna ambayo bahari isingeweza. Kuona kwetu siku ile hakukuzidi mita moja. Wazamiaji wawili wanaofanya kazi katika maji ya namna hiyo hawaachani. Wanakaa bega kwa bega, na wakitengana kidogo wanarudiana haraka. Kwa kufanya hivyo tulibaki karibu muda wote ndani ya ile mita moja na nusu ambamo kompyuta ya kila mmoja iliweza kusikia mgongo wa mwenzake. Katika maji maangavu ya Unguja tungekaa mita tatu au nne mbalimbali bila wasiwasi, namba zingepotea tangu mwanzo na zisingerudi, na mtu yeyote angeshtuka. Uchafu wa maji ulitukusanya, na kukusanyika huko kukaificha kasoro.

Nilichoshukuru baadaye ni mazoea ya zamani tu. Mimi nilijifunza kuzamia kwa geji, na mkono wangu huiendea wenyewe bila kuulizwa. Geji ikasoma 125 hivi. Kifundoni pakaandikwa 64. Wazo la kwanza, nalikiri, lilikuwa kwamba mshale wa geji umekwama, nikaigonga kwa kidole. Ndipo nikaichomoa geji ya kijana, aliyokuwa ameifunga chini ya kwapa kwa sababu tangu apewe kompyuta hakuwa na haja nayo, nikaimulika: mshale ulikuwa umepita 60 kidogo tu. Namba iliyokuwa mkononi mwangu ilikuwa imekaa kwenye geji yake, na ya geji yangu ilikuwa mkononi mwake. Nilimpa ishara ya kupanda. Tulipanda kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika, tukasimama dakika tatu kwenye mita 5, tukatoka majini geji yake ikisoma karibu na 40. Hakuna aliyekimbia juu, wala hakuna aliyeazima hewa ya mwingine.

Kwenye boti kijana alikuwa na malalamiko. “Mzee, mbona umenitoa na hewa ninayo?” akanionesha mkono. Nikamwambia aitazame geji. Akaitazama kwa muda, akautazama tena mkono, kisha akauliza swali lililoeleza jambo lote: “Sasa hii ni ya nani?”

Tungeendelea dakika kumi zaidi, mtungi wake ungekuwa mtupu huku kompyuta yake ikiandika karibu baa 90. Mwenye kupumua kwa regileta nzuri hapewi onyo refu. Hewa hugoma ghafla katika pumzi mbili tatu za mwisho, na mtu mwenye 90 mkononi angeilaumu regileta kwanza.

Jinsi tulivyothibitisha

Hatukutaka kubaki na dhana, kwa kuwa dhana tatu zilishatupotosha asubuhi hiyo. Ufukweni tulitandika turubai, tukafunga valvu zote mbili na kutoa hewa yote kwenye mipira, tukasubiri dakika kadhaa hadi transmita zilipojizima, maana huwa zinalala zikikosa mgandamizo. Kisha tukafungua valvu ya mtungi mmoja tu, ule niliokuwa nimeuvaa mimi. Kompyuta ya kijana ikaamka na kusoma. Yangu ikabaki na vistari. Tukageuza. Jaribio lote lilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai, na lingeweza kufanyika kabla ya kuingia majini.

Kwa nini basi ukaguzi wetu wa kawaida haukuona kitu? Tulikuwa na ukaguzi. Kila asubuhi kila mmoja hufungua mtungi, hutazama mkono, na akiona namba iliyo karibu na 200 husema sawa. Lakini mitungi yote ilikuwa imetoka kwenye kompresa moja ikiwa imejaa kwa kiwango kimoja, na tulikuwa tumekaa kwenye boti magoti yakigusana. Ukaguzi ule ungepita hata kama ningesoma mtungi wa mtu mwingine yeyote botini. Tulikuwa tukikagua kama ipo namba, wakati swali lilikuwa ni namba ya mtungi upi.

Siku hizi valvu hazifunguliwi kwa pamoja. Anafungua mmoja, wa pili akiwa bado amefunga na transmita yake imelala. Anayefungua lazima aone namba mkononi mwake, na mwenzake lazima aone vistari. Anavuta pumzi nne tano huku akitazama geji, kwa kuwa mshale unaocheza kwa kila pumzi ni dalili ya valvu isiyofunguka vizuri, na dalili hiyo kompyuta inayopokea taarifa kila baada ya sekunde chache inaweza kuikosa. Regileta moja ina utepe mwekundu na nyingine wa kijani, pale kwenye hatua ya kwanza na pia kwenye mkanda wa kompyuta inayoihusu. Nambari ya transmita tumeiandika kwa wino usiofutika ndani ya kifuniko cha boksi la kila mtu, na kreti ya soda imerudishwa dukani.

Niongeze hapa, ingawa si sehemu ya kisa, kwamba transmita si mpini. Vijana wa boti wanaopokea mtungi kutoka majini hushika kinachochomoza, na transmita huchomoza vizuri sana. Ikikatika, hewa hupotea polepole kwa sababu tundu la ndani ni dogo, lakini kifaa kimeshakwisha. Tumewafundisha kushika shingo ya valvu.

Nusu mita iliyopungua

Wakati tukipitia kumbukumbu za uzamiaji ule kwenye kompyuta zote mbili, kijana aliona jambo jingine. Kompyuta yangu ilirekodi kina cha mita 19.0. Yake ilirekodi 18.4. Tulikuwa mahali pamoja, kwenye nanga moja, na kamba yenye jiwe ilisema 19.

Tofauti hiyo ina sababu isiyo na siri. Kompyuta haipimi mita. Inapima mgandamizo wa maji na kuubadilisha kuwa mita kwa kudhani uzito fulani wa maji. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa takriban asilimia 3, kwa hiyo kompyuta inayodhani iko baharini ikizamishwa kwenye maji yasiyo na chumvi itasoma kina pungufu kidogo. Nusu mita yenyewe haina madhara makubwa, kwa kuwa kinachosukuma naitrojeni, gesi iliyomo katika hewa tunayovuta, iingie mwilini ni mgandamizo ule uliopimwa, si jina la mita tunalolipa. Lakini ilinifanya nijiulize: kama kompyuta hii bado inadhani iko Unguja kwa upande wa chumvi, inadhani iko wapi kwa upande wa mwinuko? Tukafungua mipangilio. Ngazi ya mwinuko ilikuwa ya kwanza kabisa, ya mita 0 hadi 300. Tangu niinunue, kijana alikuwa akizamia Ziwa Victoria kwa hesabu za usawa wa bahari.

Jambo hili ninalipa nafasi kubwa kuliko lile la transmita, kwa sababu lile la transmita lilijitangaza kwa vistari na hili lilikaa kimya kabisa.

Uso wa ziwa letu uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Anayekaa Mwanza haoni kama yuko mlimani, kwa kuwa mbele yake ni maji na nyuma yake ni mawe, lakini hewa inayomlemea ni baa 0.88 tu na si 1.01 kama ya Tanga au Mtwara. Mzamiaji anayepanda kutoka chini anarudi kwenye hewa hiyo nyepesi. Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini haijali umetoka mita ngapi. Inajali uwiano kati ya mgandamizo uliokuwa nao na ule unaourudia. Chukua mita 19 zetu: baa 2.74 chini, 0.88 juu, uwiano wa 3.11. Baharini uwiano huo unaupata kwenye mita 21. Yaani mita 19 za Kayenze huubana mwili kama mita 21 za Pemba. Kwenye jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, linalotumiwa na wazamiaji wa burudani, anayesoma safu ya mita 20 anapewa dakika 45 bila kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda, na anayelazimika kusoma safu ya mita 22 anapewa 37. Dakika nane zinapotea, na kompyuta iliyopangwa vibaya inamrudishia mzamiaji dakika hizo kama zawadi ambayo mwili wake hautaitambua.

Kwa uzamiaji mmoja wa dakika 22 hakukuwa na athari. Lakini kazi ya vizimba si ya kuzamia mara moja; siku nyingine tunaingia mara tatu, na naitrojeni ya asubuhi haijaisha mwilini tunapoingia mchana. Kosa dogo linalorudiwa kila mara hujumlika. Na ugonjwa wa mgandamizo, ule wa naitrojeni kutoka mwilini kwa mapovu, ukimpata mtu hapa Mwanza, kumpeleka pwani kwa ndege ni kumpandisha kwenye mwinuko mwingine, jambo linalozidisha uleule ugonjwa unaotaka kuutibu.

Hesabu za kuzamia katika maziwa ya juu hazikuzaliwa Afrika, lakini zinatufaa kana kwamba ziliandikwa kwa ajili yetu. Albert Bühlmann, daktari wa Zürich, alifanya utafiti wake katika nchi isiyo na bahari na yenye maziwa ya milimani, na ndiyo maana majedwali yake ya 1986 yaligawanywa tangu mwanzo: moja la mita 0 hadi 700, jingine la 701 hadi 2,500. Ziwa Victoria linaangukia katika la pili. Mwaka 1987 hesabu hizo zilijaribiwa katika Ziwa Titicaca, karibu mita 3,800 juu ya bahari. Mfumo wa hesabu uitwao ZH-L16, uliotokana na kazi yake, ndio unaoendesha kompyuta za Shearwater na Garmin na, kwa marekebisho, za Scubapro. Suunto kwa miaka mingi ilitumia mfumo mwingine, RGBM, uliotungwa na Bruce Wienke. Wazamiaji hupenda kubishana kuhusu mfumo upi ni bora. Kwetu swali la kwanza ni kama mfumo wowote umeambiwa uko mita 1,134.

Kompyuta nyingi za sasa hujiambia zenyewe, kwa kupima mgandamizo wa hewa kabla ya kuingia majini. Nyingine, hasa za zamani, humtaka mwenyewe achague ngazi, na kwa Suunto za namna hiyo ngazi ya pili, mita 300 hadi 1,500, ndiyo yetu. Hata zile zinazojipima zinafaa kuwashwa kwa mkono zikiwa nje ya maji. Ile inayowashwa na maji yenyewe, baada ya mtu kuruka, inaweza kukosa nafasi ya kuisoma hewa ya juu ilivyo.

Mwinuko una pande mbili zaidi. Anayefika Mwanza kwa ndege kutoka Dar es Salaam anashuka akiwa bado na naitrojeni ya pwani, ambayo kwa hapa ni ya ziada, na maelekezo ya Suunto humtaka asubiri angalau saa tatu kabla ya kuzamia. Na anayeondoka Mwanza baada ya kuzamia asidhani kwamba ndege peke yake ndiyo hatari. Ushauri wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, ni kusubiri saa 12 baada ya kuzamia mara moja na saa 18 baada ya kuzamia mara nyingi kabla ya kupanda ndege. Lakini barabara ya Arusha inayopita Serengeti inapanda ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200, na hapo mwili unapungukiwa mgandamizo karibu sawa na ndani ya ndege. Mwenye vizimba aliwahi kututaka tuondoke naye kwa gari kwenda Karatu mchana wa siku ya kazi. Tuliahirisha hadi kesho yake jioni, naye alinung'unika, na nadhani bado hajanielewa.

Kuchagua nyingine

Swali lililobaki lilikuwa kama tuipange upya kompyuta ile ya zamani au tuiondoe. Ingeweza kupangwa, ngazi ya pili ilikuwamo na tuliiweka siku ileile. Kilichonifanya niiondoe ni kwamba kila betri yake ilipobadilishwa mipangilio ilirudi ya kiwandani, kwa hiyo usahihi wake ungetegemea kumbukumbu ya mtu kila mara, na kumbukumbu zetu zilikwishajieleza.

Katika kuchagua nyingine nilianzia kwenye kioo. Katika maji yetu nuru hufa mapema, kijani kwenye mita tano, kahawia kwenye mita kumi, kisha hakuna kitu, na kioo cha kijivu kinachohitaji kubonyezwa ndipo kiwake hukuomba mkono wa pili wakati mkono wa pili umeshika kamba. Kioo cha rangi kinachowaka muda wote kinasomeka kikiwa kimesogezwa hadi kwenye miwani, lakini kinakula betri. Hapo nikapendelea kompyuta inayotumia betri ya AA, kama Shearwater Perdix 2, kuliko inayochajiwa, kwa sababu AA ipo kila duka kuanzia Igombe hadi Nansio, na vizimba vingi havina mahali pa kuchajia. Betri ya transmita ni habari nyingine. Si ya kuokota duka la mtaani, na inabidi kuwa na ya akiba nyumbani.

Nilizitazama pia zile zinazotumia sauti badala ya redio. Garmin, kwa Descent Mk2i ya 2020 na transmita yake T1, ilitumia mawimbi ya sauti yanayofika hadi mita 10, na kompyuta moja iliweza kufuatilia transmita kadhaa. Kilichokuwa ajali kwetu, yaani kuona hewa ya mwenzako, huko ni huduma inayotolewa makusudi, kila mtungi ukiwa na jina lake. Wazo hilo lilinikaa. Kompyuta za redio za sasa nazo huweza kuoanishwa na transmita zaidi ya moja, na kwa kuwa maji yetu yanatuweka karibukaribu hata hivyo, nimeiweka transmita ya kijana katika kompyuta yangu kwa makusudi, ikiwa na herufi zake mbili mbele ya namba. Ninapomulika, ninaona hewa yake kabla yangu.

Tulinunua ya pili ya aina moja na yangu, ili menyu ziwe zilezile na vidole visijifunze mara mbili. Kila mtu anavaa yake tangu asubuhi hadi siku ya kazi iishe, hata kama mmoja hatazamii mchana na mwingine angetaka kuiazima. Kompyuta inabeba naitrojeni ya aliyeivaa asubuhi, na ukimpa mwingine mchana umempa historia isiyo yake. Geji za mpira zimebaki. Kijana amehamisha yake kutoka kwapani hadi kifuani, upande wa kushoto, na kila baada ya dakika tano ananionesha kwa vidole namba ya geji, nami ninailinganisha na ile yenye herufi zake kwenye kioo changu.

Kompyuta ya zamani na transmita yake niliziuza kwa mzamiaji mmoja wa Kilwa. Nilimwandikia kwenye karatasi kwamba betri ikibadilishwa itarudi yenyewe kwenye ngazi ya mita 0 hadi 300 na maji ya chumvi, naye akanijibu kwamba ndiko anakoitaka iwe.